Njia Zisizo na Nyayo

Simama nami hapa Forodhani, msomaji wangu, asubuhi hii ya Januari kabla jua halijachomoza sawasawa, maji yakiwa yamejaa mpaka yanagonga ukuta wa mawe. Jahazi moja limeng'oa nanga na kuelekea nje. Tanga lake limetuna kama shavu la mpiga zumari, foromali inalia kidogo mlingotini, na nyuma ya tezi chombo kinaacha mchirizi mweupe wa povu, umenyooka kama uzi aliouvuta fundi wa kanzu. Acha kutazama tanga. Utazame mchirizi peke yake. Unatanuka. Unafifia. Povu linatoweka kama punje za chumvi zinazoyeyuka kiganjani. Kabla hatujahesabu mia, maji yamejifunga, yamelainika, yamekuwa kana kwamba hayakupasuliwa na chombo chochote tangu kuumbwa kwa ulimwengu.

Nchi kavu haina tabia hiyo. Ng'ombe wakipita porini siku arubaini huchonga ujia. Siafu, kwa udogo wao, huacha mfereji mchangani. Ngazi za mawe katika misikiti ya kale zimebonyea katikati kwa nyayo za waumini waliokwisha kuzikwa zamani. Bahari ndiyo ukurasa usiokubali wino. Mbele ya pwani hii vimepita vyombo vya miaka elfu mbili, mitepe iliyoshonwa kwa kamba, madau, mabaghala, manowari za moshi, meli za makontena, na hakuna hata kimoja kilichoacha unyayo. Na bado nahodha wa jahazi lile anafuata njia. Aliyemtangulia aliifuata, na aliyemtangulia huyo naye aliifuata. Njia ipo, imetandikwa na Mwenye kuitandika, inakwenda na kurudi kwa majira yake, na jicho haliioni. Nimeipenda bahari tangu utoto wangu, na utu uzima wangu umepita katikati ya vitabu. Katika mapenzi yangu hayo mawili sijaona jambo la kustaajabisha kuliko hili, kwamba ndani ya kitu kisichoshika alama mna mpango mtulivu kiasi cha mtu mwenye subira kuweza kuusoma, kuuandika, na kumwachia mwanawe.

Tuanze na ya kwetu. Mfugaji hasemi tu "ng'ombe", humwita kila mmoja kwa rangi na pembe zake. Na wazee wa pwani hawakusema tu "upepo". Matlai ulikuwa na jina lake, umande utokao bara alfajiri ulikuwa na lake. Wakubwa wa ukoo huo wa pepo ni wawili, kaskazi na kusi, kama wafalme wawili waliopewa kiti kimoja cha enzi wakikalie kwa zamu bila kugombana. Kaskazi huingia mwishoni mwa mwaka, mkavu, mwenye mwendo sawa, na kwa karne nyingi ndio uliowaleta hapa watu wa Arabuni, Ghuba na India na tende zao, mazulia yao na papa mkavu. Ifikapo Machi unalegea, ukafuata wakati wa kusitasita ambao mabaharia huuita maleleji, pepo zisipojua zielekee wapi. Kisha kusi inapanda na mvua za masika, inakaza Juni na Julai mpaka nahodha mwenye akili huliegemeza jahazi lake pwani, akalitia kalafati, akalipaka sifa mbavuni na deheni chini, akangoja. Hasira ikiisha, linaingia demani, upepo wa upole, na wageni wa kaskazi wanapata wa kuwarudisha kwao na boriti za mikoko na pembe za ndovu.

Fikiri ukarimu uliomo katika mpango huo. Laiti upepo ungevuma upande mmoja tu mwaka mzima, aliyekuja asingerudi, na aliyerudi asingekuja tena. Upepo umepewa kwenda na umepewa kurudi, na katikati umepewa miezi ya kungoja, na katika miezi hiyo ya kungoja watu walikaa bandarini, wakauza na kununua, wakaoa, wakazaa, wakabadilishana maneno. Lugha hii ninayokuandikia kwa sehemu kubwa imelelewa na subira hiyo. Ndiyo maana wazee waliihesabu miezi hiyo kwa heshima. Mwaka wao wa Nairuzi, ambao kuingia kwake bado kunasherehekewa Makunduchi kila Julai kwa jina la Mwaka Kogwa, waliugawa kwa miongo ya siku kumi kumi. Baharia akiulizwa lini atatweka, alitaja mwongo, na mkulima akiulizwa lini atapanda, alitaja mwongo vilevile. Shamba na bahari zilisoma kalenda moja.

Hata maji yenyewe hutii. Kandokando ya Somalia kuna mkondo mkubwa, mto ndani ya bahari, ambao wakati wa kusi hukimbia kuelekea kaskazini kwa nguvu ya kutisha, na upepo ukigeuka nao hugeuka, ukatiririka kurudi ulikotoka. Katika mikondo mikubwa ya dunia ipitayo kwenye ubavu wa magharibi wa bahari, huo peke yake ndio ugeukao hivyo kila mwaka. Umewahi kuuona mto ukipokea amri ya kurudi mlimani, nao ukaitika?

Njia hizo zilipata waandishi mapema kuliko tunavyodhani. Katika karne ya kwanza, mtu mmoja aliyejua Kigiriki na biashara, ambaye jina lake halikutufikia, aliandika kijitabu cha safari za Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi, kiitwacho Periplus. Ndani yake mna pwani yetu. Mna soko la Rhapta, pembe za ndovu, magamba ya kasa, na vyombo vilivyoshonwa kwa kamba badala ya kugongomewa misumari. Mwandishi huyo alitaja pia mwezi wa kuondoka bandarini, maana alijua kwamba bila mwezi wake njia haipo. Nakala yake iliyonusurika ilinakiliwa kwa mkono katika karne ya 10 na imehifadhiwa Heidelberg. Ilichapishwa kwa mara ya kwanza Basel mwaka 1533. Nikiwaza hilo moyo wangu hujaa. Heidelberg imo ndani ya Ujerumani, mbali na pwani, na Basel iko Uswisi, nchi isiyo na ufuko hata wa hatua moja. Na huko, mikononi mwa watu ambao huenda hawakuwahi kuonja maji ya chumvi, upepo wetu ulihifadhiwa kama mbegu ndani ya gunzi.

Karne kumi na nne baada ya mwandishi yule alikuja Ahmad ibn Majid wa Julfar, katika nchi ambayo leo ni Ras al-Khaimah. Huyu alikuwa rubani na mtunzi wa beti kwa pamoja. Maarifa mengi ya nyota, ya vituo vya mwezi na ya bandari aliyatia katika mashairi ya vina, kwa sababu baharia gizani hana taa ya kusomea, lakini ana ulimi na kumbukumbu. Sisi tuliolelewa na tenzi hatuhitaji kuelezwa hekima hiyo. Utungo wake mmoja unaelekeza njia ya kushuka pwani hii mpaka Sofala. Ulikaa karne nyingi kimya kabatini, kisha ukachapwa Urusi mwaka 1957. Wahenga walituonya tusisafirie nyota ya mwenzetu, na kwa mambo ya riziki walisema kweli. Baharini, kitabu ndicho nyota ya mwenzako uliyopewa ruhusa ya kuisafiria.

Sasa nikuvushe bahari nyingine, msomaji, kwa sababu mtu ninayemkumbuka kila nitazamapo mchirizi unaofutika alikuwa mwanamaji wa Marekani. Matthew Fontaine Maury alizaliwa Virginia mwaka 1806 na kukulia Tennessee, ndani kabisa ya bara. Kaka yake mkubwa alikuwa ofisa wa jeshi la majini, akafa kwa homa ya manjano angali kazini, na baba yao hakutaka kumtoa mwana wa pili kwa bahari ileile. Kijana akaenda bila baraka hiyo. Mwaka 1825 alipanda manowari Brandywine, iliyomrudisha kwao Ufaransa jenerali mzee Lafayette, na baadaye akawa katika Vincennes, manowari ya kwanza ya Marekani kuizunguka dunia nzima, safari iliyokamilika mwaka 1830.

Maisha ya manowari za tanga yalikuwa maisha ya kengele. Siku iligawanywa kwa zamu za saa nne, kengele ikagongwa kila nusu saa, na baharia akajifunza kulala vipande vipande kama paka. Mbao zilisuguliwa kwa mawe kabla ya jua kutoka. Biskuti zilikuwa ngumu, nyama ilikuwa ya chumvi, na nafasi ya kutundika kitanda cha turubai ilikuwa upana wa mabega. Katika msongamano huo, ofisa kijana aliyetaka elimu aliipata wapi? Inasimuliwa kwamba Maury alichora maswali yake ya pembetatu za anga kwa chaki juu ya matufe ya chuma ya mizinga yaliyopangwa sitahani, na kila alipopita katika zamu yake alitazama tufe moja na kulifanyia kazi kichwani. Nakuomba uishike picha hiyo, chaki nyeupe juu ya tufe la mzinga. Tutaihitaji tutakaposhuka kilindini. Elimu hiyo ya kuokoteza ilizaa kitabu chake cha kwanza, cha uongozaji wa vyombo baharini, kilichochapwa mwaka 1836, naye akiwa na miaka thelathini.

Mwaka 1839 gari la farasi alilopanda lilipinduka Ohio. Husimuliwa kuwa alikuwa amempisha mama mmoja kiti cha ndani, yeye akakaa juu. Mguu ulivunjika, ukaunga vibaya, na mlango wa sitaha ukafungwa mbele yake. Aliyezaliwa kusafiri akawekwa nyuma ya meza. Mwaka 1842 alikabidhiwa ghala la ramani na vyombo vya jeshi la majini huko Washington, na ndani ya ghala hilo akakuta marundo ya madaftari ya safari, yaliyorundikwa tangu jeshi hilo lianze, yanayoshika vumbi na kuonekana kama takataka.

Hebu tulifungue moja. Kila meli ilikuwa na daftari kama hilo. Ofisa wa zamu alitupa majini kipande cha ubao kilichofungwa kwenye kamba yenye mafundo, mchanga ukashuka katika kioo, mafundo yakahesabiwa yalivyokuwa yakiteleza mkononi, na mwendo ukaandikwa; kwa Kiingereza daftari la meli mpaka leo lina jina la ubao ule, na mwendo wa meli bado unahesabiwa kwa mafundo. Chini ya mwendo uliandikwa upepo na upande wake, hali ya mawingu, mahali meli ilipo kwa nyuzi za latitudo na longitudo. Mwandiko wa mtu mwenye usingizi, doa la maji ya chumvi, mstari uliopinda kwa sababu meli iliyumba. Mwandishi wake alidhani anatimiza amri tu. Hakujua kwamba ameshika uzi mmoja wa mkeka mkubwa usiopimika.

Waswahili tunasema mali bila daftari hupotea bila habari. Maury aligeuza methali hiyo upande wa pili bila kuijua: alikuta daftari akatafuta mali. Yeye na wasaidizi wake walichukua safari hizo moja moja, wakazipanga mraba kwa mraba wa bahari na mwezi kwa mwezi, wakahesabu upepo umevuma mara ngapi kutoka wapi. Haba na haba ikajaza kibaba. Mwaka 1847 ilitoka ramani yake ya kwanza ya pepo na mikondo ya Atlantiki ya Kaskazini, na katika karatasi hiyo kitu kisichoonekana kwa nahodha yeyote mmoja mmoja kilionekana kwa pamoja. Ukanda wa utulivu karibu na Ikweta. Pepo za biashara upande huu na upande ule, zimenyooka kama nyuzi za kinanda. Pepo za magharibi juu yake. Kila ukanda ulikuwa mahali pake, kila mmoja ukipanda na kushuka kidogo na jua, kama kifua cha mtu aliyelala usingizi mwema. Utaratibu ulikuwepo siku zote. Madaftari elfu ndiyo yaliyokuwa hayajakutanishwa.

Napenda uone jinsi ramani hiyo ilivyouzwa, kwa maana sijaona biashara ya uchapishaji iliyo nzuri kuliko hiyo. Haikuuzwa kwa fedha. Nahodha yeyote aliipata bure, na deni lake lilikuwa moja tu: arudishe muhtasari wa safari yake mwenyewe, upepo, mkondo, joto la maji, uzito wa hewa katika baromita, nyangumi aliowaona. Msomaji alilipa kwa kuandika, na alichoandika kikawa kurasa za toleo litakalofuata. Mwaka 1848 merikebu moja ya Baltimore ilizifuata karatasi hizo kwenda Rio de Janeiro, na safari ya kwenda na kurudi ikapungua kwa zaidi ya mwezi mzima. Mwaka 1851 meli ya tanga Flying Cloud ilitoka New York, ikapita chini ya Amerika ya Kusini penye baridi na mawimbi kama majumba, ikatia nanga San Francisco baada ya siku 89, safari ambayo meli nyingine ziliikokota kwa zaidi ya nusu mwaka. Aliyeshika hesabu za njia yake alikuwa mwanamke, Eleanor Creesy, mke wa nahodha, akiwa na ramani za Maury mezani. Nahodha alisimamia matanga na mkewe akaisoma njia. Ndoa gani iliwahi kupimwa hivyo?

Agosti 1853 maofisa kutoka nchi kumi, wengi wao wa majeshi ya majini, walikutana Brussels na kukubaliana namna moja ya kuandika hali ya bahari. Wanaume waliofunzwa kuzamishana walikaa meza moja wakipanga safu za daftari: hapa upepo, hapa mawingu, hapa joto la maji. Meli za leo bado hutuma habari za hewa kwa desturi iliyoanzia hapo.

Kitabu kikubwa chenyewe, The Physical Geography of the Sea, kilitoka New York mwaka 1855 kwa wachapishaji Harper & Brothers, kikarudiwa kuchapwa upesi na kutafsiriwa katika lugha kadhaa za Ulaya. Maury alikiandika akiamini kwamba anasoma kazi ya mikono ya Muumba. Inasimuliwa kwamba kilichomtia nguvu ni Zaburi ya nane, inayozitaja njia zilizomo baharini; kama zimetajwa, basi zipo, na kama zipo, zinaweza kutafutwa. Wataalamu waliokuja baadaye walimkosoa, na kwa haki, juu ya baadhi ya sababu alizozitoa. Njia zenyewe hazikubadilika kwa sababu ya ubishi huo.

Katika kitabu hicho anakaa sana juu ya Mkondo wa Ghuba, nami ningependa tukae naye kidogo. Unatoka katika Ghuba ya Meksiko, unapenya kati ya Florida na Kuba, unapanda kandokando ya Marekani, kisha unakata Atlantiki kuielekea Ulaya. Ni mto ambao kingo zake ni maji na kitanda chake ni maji. Unabeba maji mengi kuliko mito yote ya nchi kavu ikiunganishwa, Amazon, Kongo, Naili na mingine yote. Ni wa vuguvugu katikati ya baridi, na wa buluu nzito ya nili katikati ya kijani, na mahali pengine mpaka wake ni dhahiri hata baharia aliyesimama ubavuni mwa meli huona omo imeshaingia na tezi ikingali nje. Hakuna ukuta unaouzuia kumwagika. Hakuna anayeushika mkono kuuonyesha Ulaya iko wapi. Unabeba joto la jua la tropiki kama mama anayepeleka uji wa moto kwa jirani mgonjwa, ameufunika vizuri ili usipoe njiani.

Sasa tushuke chini, na ile picha ya chaki na tufe la mzinga uwe nayo. Tangu zamani baharia alipima kina kwa kutia bildi, kipande cha risasi mwishoni mwa kamba. Katika vilindi vya Atlantiki bildi ya kawaida haikufaa. Kamba iliendelea kuteremka hata baada ya kugusa chini, na kuivuta kulikuwa kuikata. Ofisa kijana wa ofisi ya Maury, John Mercer Brooke, akabuni chombo chepesi: fimbo iliyopita katikati ya tufe la mzinga. Tufe liliivuta fimbo mpaka chini, likagusa, likafunguka na kubaki hukohuko, na fimbo ikarudi juu peke yake na udongo kidogo katika ncha yake. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa sakafu ya kilindi, kilomita zaidi ya tatu chini, kuletwa mbele ya macho ya mwanadamu.

Udongo huo ulipelekwa kwa Profesa Bailey wa West Point, akauweka chini ya hadubini. Hakukuta mchanga. Alikuta makombe, madogo kuliko unga, makombe ya viumbe ambao maisha yao yote yangeenea juu ya ncha ya sindano, kila kombe limejengwa kwa vyumba vya duara, na vyumba vikatobolewa vitundu kama dari ya nakshi. Makombe yalikuwa mazima. Hayakusagika. Yalikuwa yameshuka kutoka juu kimya kimya, mwaka baada ya mwaka, kama theluji inavyoshuka katika nchi za baridi usiku usio na upepo, na huko chini palikuwa na utulivu wa kutosha kwa kila moja kulala lilipoangukia. Bahari haishi zinge, wanasema wazee, na juu ni kweli. Chini ya zinge Mola ameweka chumba cha amani, na katika chumba hicho hata kisichoonekana kwa jicho kimetandikiwa kitanda.

Na chaki ni nini? Chaki ya asili, ile iliyochimbwa miambani, ni makombe hayohayo na ndugu zao, yaliyolala chini ya bahari za kale, yakagandamana, yakainuliwa kuwa vilima vyeupe. Kijana yule wa Vincennes aliposimama zamu akichora juu ya tufe la mzinga, alikuwa akiandika kwa sakafu ya bahari. Miaka zaidi ya ishirini baadaye tufe la mzinga lilishuka likamletea makombe hayo mezani. Sijui niseme nini zaidi juu ya jambo hilo. Kila nilifikiriapo hunyamaza.

Nimesimama mara nyingi katika matbaa, na siku zote nimeyasikia mawimbi humo. Zamani za Maury herufi ziliundwa kwa risasi iliyoyeyushwa, madini yaleyale ya bildi na ya bunduki, lugha yetu ikiyaita kwa neno moja. Mpangaji aliziokota moja moja na kuzisimamisha kichwa chini na nyuma mbele, kisha mashine ikazigeuza zikasomeka. Kitabu hushuliwa kama jahazi: unakijenga pwani miezi na miezi, ubao kwa ubao, unaziba kila penye kuvuja, halafu siku moja watu wanakisukuma majini na mkono wako unakiachia. Kiendako hukijui. Daftari la baharia mmoja lilimfaa mke wa nahodha aliyekuwa akipita kwenye baridi ya kusini kabisa. Kitabu cha mfanyabiashara asiye na jina kimetufikia sisi tukisimama ukutani hapa. Wote walirusha tu ubao majini na kuhesabu mafundo.

Kuna jambo sitaki kulipita. Mwaka 1861, vita vilipozuka Marekani, Maury aliacha kazi yake Washington akajiunga na majimbo ya Kusini, yaliyopigania kubaki na utumwa. Naliandika kwa huzuni, nikiwa kwenye kisiwa kilichowahi kuwa na soko la watu. Macho yaliyoziona njia ndani ya maji hayakuiona minyororo iliyokuwa nchi kavu mbele yake. Na kusi ileile ya demani tuliyoisifu ndiyo iliyojaza matanga yaliyowachukua ndugu zetu wasirudi. Upepo umetolewa kwa wote. Ni juu ya nahodha kujibu amepakia nini.

Madaftari yale ya kale hayakuzeeka. Watafiti wa hali ya hewa wameyaingiza katika kompyuta, mstari kwa mstari, ili wajue hewa ya bahari ilikuwaje kabla ya viwanda kujaa duniani. Na ofisa aliyeandika saa nane za usiku, mikono ikimtetemeka kwa baridi, kwamba upepo umetulia na mawingu ni machache, amekuwa shahidi kwa watu ambao hakuwaota.

Jua limetoka. Maji yameanza kupwa, na mawe ya chini ya ukuta yanaonyesha kijani chao. Wavulana wawili wameshuka na ndoano. Kaskazi inavuma sawasawa, kama ilivyovuma mwongo huu mwaka jana na mwaka juzi, na jahazi letu limekuwa nukta nyeupe upande wa Chumbe. Kutoka hapa mpaka lilipo, maji ni laini, hayana mstari hata mmoja.